Jiwe la Mama Yake Arlis Stamper

Alhamisi ya mwisho wa Mei, Charlene Pruitt alipanda ngazi za baraza ya Delphia Stamper akiwa ameshaanza kulia. Halikuwa jambo la kushtua. Mwenyekiti huyo wa chama cha mashabiki wa mwimbaji Arlis Stamper katika jimbo la Ohio alilia kila mwaka, na kila mwaka alianza mapema kidogo. Mwaka uliopita alianzia langoni.

"Mama Mdogo," alisema, akimkumbatia Delphia kwa nguvu za mwanamke aliyezoea kufuga mbwa wakubwa, "mwaka huu tumemletea dada yako jiwe."

Delphia hakuwa na dada. Alizaliwa msichana pekee kati ya wavulana sita, huko juu kwenye bonde lilelile la Kentucky ambako alikuwa akiishi bado.

"Jiwe gani?" aliuliza.

"La kaburi! Granaiti. Miaka yote hii amelala pale kando ya shemeji yako bila hata kibao. Tumechangishana. Tazama."

Charlene alitoa picha kwenye mkoba. Jiwe lilikuwa la kijivu na refu kuliko Charlene mwenyewe. Juu yake malaika alikuwa anapiga gitaa. Chini ya malaika neno MAMA, chini yake maneno *Alinisubiri langoni*, na chini kabisa *Februari 1955*.

Delphia alivaa miwani. Alikuwa amefundisha hesabu katika shule ya chumba kimoja kwa miaka arobaini, na jicho lake lilikwenda moja kwa moja mahali palipokosewa.

"Malaika huyu ana vidole sita."

"Hicho ni kivuli, Mama Mdogo."

"Kina kucha."

Charlene aliirudisha picha kwenye mkoba na kukubali chai baridi. Alisema jiwe lilikuwa limekwisha kupakiwa kwenye lori. Lingesimikwa Jumapili, Siku ya Mapambo, ambayo bonde zima hupamba makaburi kwa maua, baada ya kuitwa kwa majina ya marehemu, na Arlis mwenyewe angekuja kuimba. Kisha akamtazama mwenyeji wake kwa huruma.

"Huwa namwambia mume wangu, Mama Mdogo ni mtu mwema kwa namna yake, lakini dada yake alikuwa malaika. Yale macho makubwa ya kahawia! Ya kwako ni ya kijivu."

"Hatukufanana," alisema Delphia.

Mama yake Arlis Stamper alikuwa hai, alikuwa na umri wa miaka themanini, na wakati huo alikuwa akimwongezea Charlene Pruitt chai.

Alikuwa amekufa mwaka 1956, jikoni, akimenya viazi. Redio ilikuwa imewashwa. Mtangazaji wa Nashville, mji wa muziki wa kantri, alisema kuna kijana mpya kutoka milima ya Kentucky, kisha sauti ya mwanawe ikaanza kuimba juu ya mama mwenye nywele za mvi na mgongo ulioinama, mwenye macho makubwa ya kahawia, ambaye hakuwahi kumwambia neno moja baya. Kijana alipoondoka kwenda mjini, mama alisimama langoni kumsubiri. Mvua ya Februari ikanyesha. Hakutoka langoni. Kijana aliporudi, alikuwa amechelewa kwa siku moja.

Delphia alisikiliza mpaka mwisho, kiazi mkononi. Alihesabu makosa manne. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Macho yake hayakuwa ya kahawia. Hakuwa na sababu ya kumsubiri mtu yeyote langoni wakati wa mvua, kwa kuwa nyumba ilikuwa na dirisha. Na maneno mabaya alikuwa amemwambia Arlis mengi, tena kwa mpangilio mzuri.

Alivaa kofia, akatembea hadi dukani kwenye simu.

"Arlis. Nimekufa lini?"

"Mama! Huo ni wimbo tu."

"Unasema Februari. Februari nilikuwa nafundisha hesabu za sehemu."

"Mama, hapa hawanunui wimbo kuhusu mama aliye hai. Mama aliye hai anafanya nini? Anapika. Anagomba. Nani atalia?"

"Basi waambie umetunga."

Hapo ndipo ilipokuwa shida. Msikilizaji wa muziki wa kantri hamtaki mtunzi. Anataka mtu aliyeyapitia. Akiimba juu ya jela, awe amelala jela. Akiimba juu ya pombe, aonekane hivyo. Mwandishi wa gazeti alikuwa tayari amemwuliza Arlis kama mambo ya ule wimbo yalimtokea kweli Februari ya mwaka uliotangulia, na Arlis alikuwa tayari amejibu ndiyo. Lilikuwa neno fupi, na lilikuwa limeshachapishwa.

Mwezi uliofuata gari la mizigo lilileta jokofu kutoka kwa Arlis, la kwanza katika bonde lile. Delphia alilizunguka mara mbili. Kisha akalipokea, na kwa kuwa alilipokea, akayahesabu mambo yamekwisha. Hakuwa mtu wa kula kitu cha mtu halafu akavunja makubaliano. Alitoa sharti moja: jina lake lisitajwe popote. Watu walipoanza kuja na maua wakiuliza juu ya mama, aliwaambia yeye ni mdogo wake.

Kaburi halikuwa wazo lake. Lilikuwa la jirani yake, Ova Caudill, aliyewakuta wageni wa kwanza wakizungukazunguka kwenye uwanja wa makaburi wa kanisa na akawaonyesha nafasi tupu kando ya Orbin, mume wa Delphia.

"Wametoka Ohio," Ova alijitetea jioni ile. "Wamekuja na kuku wa kukaanga, wakanipa paja. Ningewaambia kaburi hakuna? Ungejisikiaje wewe, umesafiri kutwa nzima halafu mtu hajafa?"

Wimbo ulidumu juu ya orodha za redio kwa miezi saba, na baada yake Nashville haikuwa mahali salama kwa mama wa mtu. Kila kijana mwenye gitaa alimwua wake. Waliuawa kwa homa, kwa treni, kwa mafuriko, na mmoja, katika wimbo ulioimbwa na ndugu wawili wa Tennessee, kwa radi na huzuni kwa pamoja. Arlis alirekodi nyimbo nyingine mia mbili, akavaa suti za kumetameta, akaoa mara tatu, akatengeneza namna ya kukatisha sauti katikati ya neno ambayo waimbaji wadogo waliiiga mpaka ikawa kana kwamba mlima mzima una kwikwi. Lakini watu walimlipa kwa ajili ya ule mmoja. Kwenye mashindano ya wilaya, kila Agosti, wavulana bado walipanda jukwaani kuomboleza mama zao, na mama zao walikaa mstari wa mbele wakijipepea na kuwaonyesha kwa ishara wafunge vifungo vya shati.

Kwa yote hayo Delphia alivumilia kuwa marehemu. Jiwe lilikuwa jambo tofauti.

Katika uwanja ule wa makaburi, jiwe likishasimikwa halihamishwi. Ilikuwa sheria ya kanisa tangu ndugu wawili wa ukoo wa Caudill walipopigana kwa makoleo juu ya jiwe la baba yao, na hakuna aliyewahi kuivunja. Nafasi ile kando ya Orbin ilikuwa yake. Walikuwa wameichagua pamoja, yeye na Orbin, mahali ambapo maji hayatuami. Jiwe la Ohio likisimama pale Jumapili, basi siku atakapokufa kweli angelala milele chini ya tarehe iliyokosewa kwa zaidi ya miaka thelathini, na juu yake malaika asiyejua kuhesabu vidole.

Ijumaa asubuhi alikwenda kanisani. Mchungaji Hobart Lunsford alikuwa anakata nyasi kati ya makaburi. Siku za juma alifanya kazi ya kuziba matairi, na utotoni alikuwa amekaa miaka minane kwenye dawati la tatu katika darasa la Delphia. Alipomwona alizima mashine na kuvua kofia.

"Mwalimu."

"Hobart. Nasikia Jumapili utaniita pamoja na wafu."

"Sitakuita kwa jina," alisema Hobart haraka. "Nitasema tu, mama yake Arlis Stamper."

"Kuna mwingine?"

Hobart aliigeuzageuza kofia. "Wale watu wa Ohio wamelitengeneza paa lote, Mwalimu. Mvua ilikuwa inanyesha kwenye kinanda. Bibi Pruitt aliniomba kitu kimoja tu, nikaona, aah, ni neno moja, litapita."

"Na mimi nitakuwa nimekaa wapi wakati linapita?"

"Nilidhani labda... ungekuwa jikoni na kina mama, unapanga keki."

"Kwa hiyo nikae jikoni ili uweze kusema uongo uwanjani."

"Ukisema hivyo, Mwalimu, inasikika vibaya."

"Nimesema kama ilivyo. Lizuie jiwe."

Hobart alitazama paa. Lilikuwa paa zuri, la kijani. "Ndugu wa damu akikataa mbele ya watu kabla halijasimikwa, nitalizuia," alisema. "Lakini anayejulikana na Ohio kuwa ndugu wa damu ni Arlis. Wewe ni mama mdogo tu, Mwalimu. Samahani."

Arlis alifika Jumamosi jioni. Basi lake, lenye picha ya uso wake ubavuni, halikuweza kupita kwenye daraja la kijito, kwa hiyo alipanda njia kwa miguu akiwa amebeba suti yake ya Jumapili juu ya kichwa isiguse matope. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita. Aliingia kwa mlango wa jikoni na kuvua viatu bila kuambiwa.

"Nywele zako zimekuwa nyeusi," alisema Delphia.

"Ni dawa, Mama."

"Ulizaliwa nazo nyekundu."

"Watu wamezoea hizi."

Alimpakulia maharage na mkate wa mahindi, na Arlis alikula kama mtu aliyetoka jangwani, akisifu kila tonge. Delphia alisubiri amalize. Alijua mwanawe hasikii kitu akiwa na njaa na haelewi kitu akiwa ameshiba, hivyo aliongea alipokuwa kwenye kipande cha mwisho.

"Kesho utawaambia walirudishe jiwe lile Ohio."

Arlis aliacha kutafuna. "Mama, Oktoba wananiingiza kwenye Jumba la Heshima la waimbaji wa kantri. Picha yangu itatundikwa ukutani, na hao ndio walionipigia kura. Nikisema mama yangu yuko hai, nitakuwa nani? Nitakuwa mzee mwenye suti ya kumetameta aliyewadanganya watu juu ya mama yake. Watanicheka mpaka Texas."

"Hilo ni kweli."

"Basi unaona."

"Naona. Wewe ukifa watakuzika wapi?"

"Nashville. Wamenitengea mahali."

"Na tarehe wataandika ipi?"

Arlis alifikiri. "Nitakayofia, nadhani."

"Hiyo tu ndiyo ninayoitaka mimi."

Arlis alifuta sahani yake kwa kipande cha mwisho cha mkate. Jokofu lilikuwa linanguruma kwenye kona. "Nitazungumza nao," alisema mwishowe.

Delphia alikuwa ameisikia sentensi ile tangu mwanawe akiwa na miaka saba. Ilimaanisha kwamba hatazungumza na mtu yeyote.

Siku ya Mapambo ilipambazuka bila wingu. Kufikia saa nne makaburi yote yalikuwa yamefagiliwa na kufunikwa kwa maua ya bustani na maua ya karatasi, na meza ndefu chini ya miti zilikuwa zimeinama kwa kuku, mayai, saladi za viazi na keki za matabaka ya tofaa lililokaushwa. Watu wa bonde walikaa upande mmoja kwenye viti vyao vya nyumbani. Watu wa Ohio, wote wakiwa na fulana yenye uso wa Arlis, walikaa upande wa pili, na tayari walikuwa na leso mikononi. Lori la jiwe lilikuwa limesimama nyuma ya Orbin. Vijana wawili wenye kamba walisubiri ishara kando ya shimo la msingi walilokwisha kulichimba.

Delphia alikaa mstari wa mbele. Ova alikaa karibu naye.

"Kina mama wanakuulizia jikoni," alinong'ona Ova. "Wanasema kuna keki inaegemea upande."

"Iegemee."

Mchungaji Hobart alianza kuita majina, ukoo baada ya ukoo. Huo ndio ulikuwa utaratibu wao: jina likitajwa, mtu wa familia yake alisimama na kujibu, "Tunamkumbuka." Waliitwa wa Caudill, wengi. Waliitwa wa Lunsford. Waliitwa wa Stamper.

"Orbin Stamper."

Delphia na Arlis walisimama pamoja. "Tunamkumbuka."

Walikaa. Hobart alikohoa. Aliitazama karatasi kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, akafuta jasho, akasema kwa haraka sana, "Mama-yake-Arlis-Stamper."

Arlis aliinuka. Suti yake iliwaka juani hata watu wa mbele wakafumba macho. Akafungua kinywa.

Delphia hakuwa amepanga cha kusema. Lakini kwa miaka arobaini alikuwa ameita majina kila asubuhi, na katika darasa lake hakuna aliyeruhusiwa kuitikia kwa niaba ya mtu aliyepo.

"Nipo," alisema.

Upande wa bonde, watu wote waliinamisha vichwa na kuchunguza viatu vyao. Upande wa Ohio ulilipuka kwa kilio.

"Anamjibia dada yake!" Charlene alipiga kelele. "Jamani, Mama Mdogo!"

"Simjibii mtu," alisema Delphia, akisimama. "Mimi ndiye mama yake."

"Umemlea kama mama, tunajua, mpenzi, tunajua."

"Nimemzaa. Alfajiri ya tarehe nane Novemba, miguu imetangulia, na tangu siku ile hajawahi kufika mahali kwa njia ya kawaida. Lile shimo mlilochimba ni nafasi yangu, na sijaihitaji bado."

Charlene alikuwa ameshamfikia na kumshika mikono yote miwili. "Huzuni humfanyia mtu hivyo," aliwaambia wenzake kwa sauti ya chini iliyosikika hadi kwenye meza za chakula. "Mleteeni maji."

"Ova," alisema Delphia. "Mimi ni nani?"

Ova alikunja midomo. Alikumbuka lile paja la kuku. "Ni Delphia," alisema. "Ni mama yake. Samahanini wote."

Mzee mmoja wa Ohio mwenye kofia ya majani alitikisa kichwa. Hakuwa na ubaya wowote. "Haiwezekani, bibi," alisema. "Mama yake alikuwa na macho ya kahawia. Imo kwenye wimbo."

Watu wa Ohio waliitikia kwa vichwa. Imo kwenye wimbo. Na mgongo pia, mwingine akasema. Mtazameni huyu bibi, amenyooka kama mlingoti. Na neno baya, akasema wa tatu, mama yake hakuwahi kutoa neno baya, na huyu tangu asubuhi amekwisha kutusema mara mbili juu ya namna tulivyoegesha magari. Delphia aliwasikiliza mmoja mmoja. Kwa upande wa ushahidi, ilibidi akubali, walikuwa wamejipanga vizuri. Alichokuwa nacho yeye kilikuwa ni kuwepo kwake tu, na hakikutosha.

Akamgeukia mwanawe.

"Arlis. Simama wima. Mikono nje ya mifuko."

Arlis Stamper, mwimbaji wa nyimbo mia mbili, alitoa mikono mifukoni.

"Ni nani aliyekuwa na macho makubwa ya kahawia?"

"Mama, tafadhali."

"Nimeuliza swali."

Alitazama viatu vyake. Akasema kitu ambacho hakikusikika.

"Walioko nyuma hawasikii."

"Beck," alisema Arlis.

Upande wa Ohio ulitazamana. "Beck ni nani?" Charlene aliuliza. "Ndiye mama yako?"

"Beck alikuwa baghala wetu," alisema Delphia. "Baba yake punda, mama yake farasi. Alikuwa mkaidi kwa pande zote mbili. Amelima shamba letu miaka kumi na tisa. Mvi zilikuwa zake, mgongo ulikuwa wake, macho yalikuwa yake. Na ni kweli kwamba hakuwahi kumwambia Arlis neno baya, kwa kuwa hakuwa na uwezo huo."

Ndege mmoja aliimba kwenye mwerezi na kuacha.

"Niliutunga juu yake," alisema Arlis. Sauti yake haikuwa ile ya jukwaani; ilikuwa nyembamba, ya nyumbani. "Nilipoupeleka Nashville, bwana wa studio aliusikiliza akalia. Kisha akafuta machozi akasema, wimbo ni mzuri sana, badilisha neno moja. Nikabadilisha. Nilikuwa na njaa."

Charlene Pruitt aliachia mikono ya Delphia. Uso wake ulikuwa umekuwa mwekundu, na Arlis alimtazama kama mtu anayetazama mti unaoanza kuangukia nyumba yake. Nyuma yake mashabiki wote walimtazama mwenyekiti wao, wakisubiri kujua wahisi nini.

"Nataka kujua kitu kimoja," alisema Charlene. "Alisubiri kweli langoni? Au hilo nalo ulitunga?"

"Alisubiri," alisema Arlis. "Nilipoondoka alinifuata mpaka langoni. Nilifunga lango. Alisimama pale..." Akamgeukia mama yake. "Mama, alisimama siku ngapi?"

"Tatu," alisema Delphia. "Mvua ilinyesha zote tatu. Nilimpelekea mahindi, akakataa. Nilimvuta kwa kamba, akakataa. Nilimsema sana. Asubuhi ya nne nilimkuta ameanguka, kichwa kimeelekea barabarani. Nilikwenda dukani nikampigia Arlis simu. Alifika kesho yake."

"Nilichelewa siku moja," alisema Arlis, na akakaa chini kwenye nyasi na suti yake yote, akalia. Hakukatisha sauti katikati ya neno. Alilia kama mvulana, kamasi zikishuka kwenye kola yenye vito vya kioo.

Yule mzee mwenye kofia ya majani alivua kofia. "Mimi nilikuwa na baghala," alisema. "Nilimwuza nilipopata trekta. Alinitazama."

Ikawa basi. Ohio nzima ililia, na safari hii bonde nalo lililia, kwa kuwa wengi walimkumbuka Beck. Hobart mwenyewe aliwahi kupandishwa mgongoni pake akiwa mdogo, akaangushwa. Charlene alipiga magoti kwenye nyasi na kumkumbatia Arlis.

"Kwa hiyo uliyapitia," alisema. "Uliyapitia kweli."

"Niliyapitia," alisema Arlis.

"Hicho tu ndicho tulichotaka."

Delphia alibaki amesimama, macho makavu. Hakuwa amewahi kukubaliana na watu hawa kwa lolote, lakini ilibidi akiri kwamba sasa walikuwa wanalilia jambo lililotokea.

Baada ya chakula, vijana wenye kamba walifukia shimo la kando ya Orbin na kulisawazisha, na lori likashuka polepole hadi kwenye malisho ya Stamper, watu wote wakilifuata kwa miguu na sahani za keki mikononi. Beck alikuwa amezikwa hatua chache ndani ya lango. Jiwe lilisimikwa hapo. Delphia alilikagua. *Alinisubiri langoni*: sahihi. *Februari 1955*: sahihi, na hata hali ya hewa ingeweza kuongezwa.

"Lakini neno lile la juu linatoka," alisema.

"Liache, Mama M—" Charlene alijishika. "Liache, Bi Delphia. Ni la heshima."

"Hawezi kuwa mama wa mtu. Baghala hazai. Muulize yeyote."

Charlene aliwauliza. Wote walisema ni kweli. Fundi wa mawe alikuja kutoka mjini juma lililofuata, akachonga upya mahali palipokuwa na MAMA na kuandika BECK, na kwa kuwa alikuwa pale na patasi mkononi, Delphia alimwonyesha kidole cha sita.

Oktoba picha ya Arlis ilitundikwa ukutani Nashville. Magazeti yaliandika habari za baghala, na wimbo ukarudi redioni, na studio moja ikatangaza kwamba inatafuta vijana waliofiwa na wanyama. Wageni waliongezeka pale langoni. Walileta mahindi badala ya maua. Delphia aliwapokea sasa kwa jina lake mwenyewe, na baadhi yao walisema kwamba yule mama mdogo wa zamani alikuwa mpole zaidi.

Majira ya baridi Arlis alirekodi wimbo mpya. Ulimhusu mama mwenye macho ya kijivu aliyefundisha hesabu za sehemu, aliyetazama mvua kupitia dirishani, na aliyemsema mwanawe tangu asubuhi mpaka jioni na kwa sababu nzuri. Redio iliupiga mara chache, saa za mchana. Haukununuliwa.

Delphia na Ova waliusikiliza jikoni. Delphia aliacha kumenya mpaka ulipokwisha. Alikuwa ametafuta kosa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakulipata.

"Hauwezi kuuzika," alisema Ova. "Hakuna anayekufa ndani yake."

Delphia alichukua kiazi kingine.

"Hakuna haraka," alisema.